Kukariri

Ukurasa wa kumi na mbili aliusoma wote,
Mhando, mwana wa Mwantumu muuza machungwa,
kidole kikitambaa chini ya mistari,
sauti imenyooka kama reli ya Korogwe.
Hakukwama popote. Penye nukta alivuta pumzi.
Ndipo nikaona kidole kingali kwenye *gunia*
na mdomo umeshavuka, uko kwa *panya*.

Nikafunga kitabu.
Akaendelea.

Kitabu chake ni Zaituni, mdogo wake, wa darasa la kwanza.
Humsomea jioni wakipanga machungwa mafungu mafungu,
naye huyameza maneno mazima mazima,
hayatafuni.

Lugha yetu hii ina utani mbaya:
kukariri ni kushika moyoni usichokiona,
kukariri ni kubaki darasani wenzako wakipanda.
Neno moja, kosa na adhabu yake.

Stendi ya Muheza, basi likiwa bado kule kwenye kona
yeye keshalitaja jina, keshainua beseni.
Nilimuuliza: ubavuni pameandikwa nini?
Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua.
"Pameandikwa bluu, Mwalimu."

Tangu Septemba, kengele ya mwisho ikilia,
wenzake wanatoka mbio, yeye anabaki.
Magoti yanagonga dawati, tunaanza *ba, be, bi*.
Nakwaruza silabi kwa pini kwenye ganda la chungwa:
*mbwa. Ng'o. Nywe.*
Akisoma, anamenya.
Siku moja aliila *nywe* kabla hajaijua,
tukacheka hata mbegu ikamtokea puani,
na kesho yake nikamwandikia tena *nywe*,
na kesho kutwa.

Leo Mwalimu Mkuu Shekiondo kaleta fomu.
Majina sabini na manne, kila jina visanduku viwili:
*Apande. Akariri.*
"Kesho saa nne, Mwalimu. Wilayani hawangoji."
Sabini na watatu nimewamaliza kabla chai haijapoa.

Nikipandisha, darasa la tatu halina pini wala ganda,
lina ubao uliojaa, na mwalimu mgeni
atakayemwita mvivu ifikapo Februari.
Nikimbakiza, Januari atakaa dawati moja na Zaituni.
Atamnong'oneza majibu, yule, kwa mapenzi tu,
na huyu hatafungua tena mdomo wake mbele yangu.

Nikamwita mama yake. Alikuja na beseni kichwani,
hakulitua.
"Chungwa, Mwalimu, ukilichuma bichi halirudi mtini.
Ila ukiliacha likapitisha siku, linadondoka lenyewe,
linaliwa na siafu."
Nikasema: basi nifanye lipi?
Akacheka, akashika ukingo wa beseni.
"Mimi nauza tu. Wa kuchuma ni wewe."

Alasiri nilimpa Mhando kitabu asichowahi kukiona,
hakina picha hata moja,
Zaituni hajakigusa.
"Ju-ma... a-li... tu-ma..."
Kama mtu anayevuka mto kwa mawe,
anapapasa kwa unyayo kabla hajakanyaga.
Mstari wa pili akasimama.
Nikangoja avumbue neno, kama kawaida yake,
aruke, ateleze, anifurahishe.
Nje mtu alikuwa anafagia.
Kidole hakikusogea.

"Hili silijui," akasema.

Mwaka mzima sijamsikia akisema hivyo.
Akaririye hakwami;
asomaye ndiye hukwama.
Neno lenyewe lilikuwa *mchwa*.
Tukalikata vipande, akalila polepole.

Sasa ni usiku, fomu iko mezani na taa inasinzia.
Nimeweka alama kwenye *Apande*,
kwa kalamu ya risasi, wino bado.
Na pembeni, pasipo na kisanduku,
nimeandika kwa herufi ndogo, wasome wanaojua kusoma:
*abaki kwangu kila siku baada ya kengele.
Aje na chungwa.*